Uhuru Uliogeuzwa Uhura

Februari 1968 kampuni ya Whitman ya Marekani, iliyozoea kuchapa vitabu vya watoto, ilitoa riwaya iitwayo Mission to Horatius. Hii ndiyo riwaya ya kwanza yenye kisa kipya kuandikwa kutokana na Star Trek, kipindi cha televisheni kuhusu chombo cha anga cha Enterprise na mabaharia wake wa karne ya 23. Mwandishi wake alikuwa Mack Reynolds. Leo riwaya za Star Trek zinahesabika kwa mamia. Hii ya kwanza iliwavunja moyo hata wenye kipindi kabla haijafika dukani.

Mimi ni mtu wa Kahama. Ukanda wetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Geita, unajulikana kwa almasi, dhahabu, pamba na ng'ombe, na sioni sababu ya haraka ya mtu wa huku kuhangaika na kitabu cha watoto wa Marekani cha zaidi ya nusu karne iliyopita. Sababu yangu ni mhusika mmoja: Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise, mwanamke Mwafrika anayekaa kwenye chumba cha uongozi akiwa na kifaa sikioni. Jina lake limetoka vinywani mwetu. Nilitaka kujua kitabu cha kwanza kilimpokeaje.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "huru" lilitujia kutoka Kiarabu, na katika pwani ya karne ya 19 lilikuwa na maana iliyogusa mwili wa mtu: huru ni yule asiye mtumwa. Miaka ya 1950, TANU ilipokuwa ikizunguka nchi, neno "uhuru" lilipanuka. Lilitoka kwenye hadhi ya mtu mmoja likawa dai la nchi nzima. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, mwenge uliwashwa kileleni Kilimanjaro ukaitwa Mwenge wa Uhuru, gazeti la chama likaitwa Uhuru, na chini ya nembo ya taifa pakaandikwa Uhuru na Umoja. Kenya ikafuata Desemba 1963 kwa neno hilohilo. Ni maneno machache sana ya Kiswahili yaliyowahi kufanya kazi nzito namna hiyo kwa muda mfupi.

Mmarekani aitwaye Robert Ruark, mwandishi wa habari na mpenzi wa uwindaji aliyezoea safari za Kenya, alilichukua neno hilo mwaka 1962 akalifanya jina la riwaya. Uhuru ya Ruark inaitazama Kenya inayokaribia kujitawala, zaidi kupitia jicho la mwindaji Mzungu, na imejaa wasiwasi wa watu wanaoona nchi ikiwatoka mikononi. Miaka michache baadaye mwigizaji Mweusi wa Marekani, Nichelle Nichols, alikwenda kufanyiwa usaili wa kipindi kipya akiwa na kitabu hicho mkononi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliyoyarudia mara nyingi hadi alipofariki Julai 2022, mtunzi wa kipindi, Gene Roddenberry, alivutiwa na neno lililokuwa juu ya jalada. Likaonekana gumu kidogo kwa jina la mwanamke, likalainishwa mwishoni. Uhuru akawa Uhura.

Msomaji wa Kiswahili analiona jina hilo kama kosa la mpiga chapa. Kwetu hakuna irabu ya kike na ya kiume. "Uhuru" ni wa wote, kama ulivyo umoja, utu na usawa. Kubadili "u" ya mwisho kuwa "a" ni desturi ya lugha za Ulaya zinazopenda kumtambua mwanamke kwa mkia wa jina. Hata hivyo neno lilipita. Lilikuwa limezaliwa kama hadhi ya asiye mtumwa, likawa dai la mataifa, likaangukia jalada la riwaya ya hofu ya Mzungu, kisha likaokotwa na mwanamke ambaye wazee wake walivushwa Atlantiki kwa minyororo. Safari hiyo ingetosha kuwa riwaya.

Star Trek ilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966. Mwaka huohuo mgodi wa dhahabu wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa. Upande wa Shinyanga, Mwadui ilikuwa bado inatoa almasi. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wake mwaka 1940, na baada ya kifo chake mwaka 1958 mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mwezi Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa ufupi, wakati Uhura anakaa kwenye kiti chake Hollywood, watu wa huku walikuwa wanajadiliana uhuru uwe na nini ndani yake: mgodi uwe wa nani, shule ifundishe nini, na mtu azungumze lugha gani akiwa ofisini.

Kipindi nacho, bila kutujua, kilikuwa kinayagusa hayohayo. Tarehe 9 Machi 1967, mwezi mmoja na siku chache baada ya Azimio, ilionyeshwa sehemu iitwayo The Devil in the Dark. Wachimbaji wa sayari ya Janus VI wanauawa mmoja mmoja na kiumbe kinachopita ndani ya mwamba kama samaki majini. Wanataka kiuawe. Baadaye inagundulika kwamba yale mawe ya duara waliyoyakuta chini, wakayapasua bila kujali, ni mayai. Kiumbe kile ni mama, na mgodi umechimbwa katika kitalu chake. Kapteni Kirk na Spock wanasuluhisha: watoto wa mwamba watachimba njia, watu watakusanya madini, kila mmoja abaki hai. Miaka miwili baadaye, katika The Cloud Minders, watu wa mji unaoelea mawinguni wanaishi kwa sanaa na starehe, ilhali wachimbaji walio chini wanavuta gesi inayoharibu akili, kisha wanaambiwa kwamba wamezaliwa wajinga.

Sihitaji kumweleza mtu wa Geita hadithi hizi zinahusu nini. Anajua tofauti ya uzio wa mgodi mkubwa na maduara ya wachimbaji wadogo ng'ambo yake, na amewaona watu wakishika zebaki kwa mikono mitupu kwenye mialo, jirani na makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Na mtu wa Kahama anaikumbuka Bulyanhulu ya Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa kwa maelfu ili kupisha mgodi mkubwa. Madai kwamba wengine walifukiwa mashimoni yalisambaa, yakakanushwa na serikali na kampuni, na bado yanazungumzwa kwa sauti ya chini. Swali la Janus VI, nani alikuwepo kwenye mwamba huu kabla ya mashine, ni swali la nyumbani.

Lakini hakuna aliyeviona vipindi hivyo huku wakati ule. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, ila Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi 1994. Kama Uhura angeweza kufika Shinyanga kabla ya hapo, njia yake ingekuwa kitabu. Ndiyo maana nayachukulia kwa uzito mabaki haya ya televisheni ambayo wasomi huyapita bila kuyatazama.

Marekani kwenyewe vitabu hivyo vilizaliwa kwa sababu inayofanana na hiyo. Hapakuwa na kanda za video majumbani. Kipindi kikipita kimepita, na aliyekikosa alisubiri marudio au akaridhika kusimuliwa. Kuanzia 1967 James Blish, mwandishi mwenye heshima yake katika bunilizi za kisayansi, alipewa kazi ya kugeuza sehemu za Star Trek kuwa hadithi fupi. Alitumia miswada ya waigizaji, na alianza kazi hiyo bila kukifahamu vizuri kipindi chenyewe kwenye skrini. Vitabu 12 vilitoka kwa mtindo huo. Blish alikuwa msimulizi anayewasimulia wasioona kitu ambacho hata yeye alikisoma tu.

Sisi nasi tulikuwa na wasimulizi wetu. Katika vibanda vya video vya miji midogo, filamu za Marekani na Hong Kong zilitufikia kupitia sauti za watafsiri. Mashuhuri zaidi alikuwa Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeingiza Kiswahili chake juu ya mazungumzo. Alieleza, alitania, aliongeza mambo ambayo mwongozaji hakuyawazia. Aliyekwenda kibandani hakwenda kwa ajili ya picha peke yake. Kwa hiyo sina dharau na kazi ya pili inayojengwa juu ya kazi ya kwanza. Ninachouliza ni kama msimulizi ameleta kitu.

Mack Reynolds alikuwa na kitu cha kuleta, na hapo ndipo kitabu chake kinaponiuma. Alilelewa katika siasa za kisoshalisti. Baba yake, Verne Reynolds, aligombea urais wa Marekani mara mbili, 1928 na 1932, kwa tiketi ya chama cha Socialist Labor. Mack mwenyewe aliandika bunilizi zinazouliza uchumi uendeshwe vipi na nani ale nini, jambo ambalo wenzake wengi walilikwepa kwa kukimbilia bunduki za miale. Zaidi ya hayo, aliiandika Afrika. Toleo la jarida la Analog la Desemba 1961, mwezi uleule Tanganyika ilipojitawala, lilianza kuchapa riwaya yake Black Man's Burden. Wahusika wake wakuu ni Wamarekani Weusi waliosoma, wanaopita katika Sahara wakijaribu kuiharakishia Afrika maendeleo, hadi mmoja wao, Homer Crawford, anajikuta akivaa jina la kiongozi wa kubuni, El Hassan, ili kuwaunganisha watu.

Riwaya hiyo ina kasoro unayoiona upesi: Waafrika wenyewe wamebaki kuwa watu wa kusaidiwa, na wokovu unakuja kwa ndege. Lakini mwaka 1961, katika jarida la bunilizi lililokuwa likiendeshwa na mhariri asiyeamini usawa wa rangi, mtu aliyeweka Weusi katikati ya kisa na kuwaacha wabishane kuhusu siasa alikuwa amefanya jambo. Miaka sita baadaye anapewa Star Trek, na ndani yake kuna afisa Mwafrika mwenye jina la uhuru. Kama kuna mwandishi wa Marekani aliyestahili kujua la kufanya naye, ni huyu.

Mission to Horatius inahusu nini? Enterprise imekaa safarini muda mrefu kupita kiasi, na mabaharia wako hatarini kushikwa na wazimu unaotokana na kuchoshwa. Inakuja ishara ya kuomba msaada kutoka mfumo wa Horatius wenye sayari tatu. Ya kwanza watu wake wanaishi kama katika zama za mawe. Ya pili wanatawaliwa kwa dini na dawa za kulevya. Ya tatu ni udikteta unaoigiza Ujerumani ya Hitler. Sulu amefuga panya, na panya naye ana kazi yake kabla kitabu hakijaisha. Kila sayari ni wazo moja lililoelezwa haraka, kisha tunaondoka. Watu wanazungumza kama mabango. Reynolds aliyekuwa akipenda kubishana kuhusu mkate na mamlaka hayumo humu.

Mswada ulipofika kwenye ofisi ya kipindi mwaka 1967, uliibua waraka wa ndani ambao wapenzi wa Star Trek waliufahamu miaka mingi baadaye. Waraka ulisema kazi inachosha na imeandikwa vibaya, hata ukizingatia kwamba ni ya watoto. Lililonishtua zaidi ni malalamiko mengine: namna Uhura na Sulu walivyoelezwa kwa rangi na asili zao, na namna Uhura alivyotiwa mdomoni wimbo wa kiroho wa Weusi wa Marekani. Enterprise, wakasema wenye kipindi, ina mabaharia waliochanganyika, na mambo hayo ni kukosa adabu.

Fikiria mwaka wenyewe. Tarehe 29 Septemba 1967 NBC ilionyesha The Changeling, ambamo mashine iitwayo Nomad inafuta akili ya Uhura baada ya kumsikia akiimba. Inabidi afundishwe upya kusoma. Akiwa kitandani na kitabu cha watoto, neno la Kiingereza likimshinda, anachomoza na Kiswahili. Ni sekunde chache tu, na matamshi yake yana lafudhi ya mbali. Lakini mwandishi wa kipindi alikuwa ameelewa jambo: ukifuta kila kitu kichwani mwa mwanamke huyu, lugha inayobaki chini kabisa ni yake. Mwaka uleule ambao nchi yetu ilikuwa inakipa Kiswahili baraza, Kiswahili kilikuwa kinaonyeshwa kwa Wamarekani kama lugha ya kwanza ya afisa wa karne ya 23. Na wakati huohuo, katika kurasa za Reynolds, mtu huyohuyo alikuwa anageuzwa kuwa Mweusi wa mashamba ya pamba anayeimba akihuzunika.

Silaumu nyimbo za kiroho. Ni hazina, na zilibeba uhuru kabla neno letu halijavuka bahari. Kosa la Reynolds ni kwamba hakumtazama aliyekuwa mbele yake. Alichukua jina, sare na kiti, akaviweka juu ya picha ya zamani aliyokuwa nayo kichwani. Mtu huyu aliweza kuwaza sayari tatu lakini hakuweza kumwaza mwanamke mmoja kutoka Afrika ya Mashariki aliyezaliwa karne mbili baada ya ukoloni: angechekea nini, angekasirishwa na nini, angeona nini pale wengine wanapoona sayari ya watu wa zama za mawe. Kazi ya afisa wa mawasiliano ni kupokea ishara, na ishara ya msaada ndiyo inayoanzisha kisa chote. Kitabu hakimuulizi alisikia nini.

Miaka 17 baadaye, Januari 1985, kilitoka kitabu chenye jina lake juu ya jalada: Uhura's Song, cha Janet Kagan. Hiki ni kizuri kuliko cha Reynolds kwa mbali, na kinapendwa kwa haki. Kinaanzia kwenye urafiki kati ya Uhura na mwimbaji wa sayari nyingine, na nyimbo walizobadilishana zinakuwa ufunguo wa kupata tiba ya tauni. Hata hivyo ukikifuatilia utaona kwamba sehemu kubwa ya mwanga inamwangukia daktari mgeni, Evan Wilson. Uhura ametoa wimbo na kichwa cha kitabu, na mwingine ametoka na kisa. Wimbo tena.

Kuna kitabu cha tatu, na huyu hakutarajiwa. Mwaka 1982 William Rotsler alitoa kijitabu cha wasifu wa wahusika wa Star Trek. Hadi hapo Uhura hakuwa na jina la kwanza. Rotsler alimpa jina Nyota, na Nichelle Nichols akaliridhia. Ni Kiswahili kamili, hakikuongezewa mkia wowote. Kwa miaka 27 jina hilo liliishi pembeni, kwenye vitabu na midomoni mwa wapenzi, hadi filamu ya 2009 ilipolitamka rasmi. Vitabu vinavyotungwa kutokana na televisheni huhesabiwa kuwa makapi: kinachotokea ndani yake hakikibani kipindi. Lakini cheche moja ya uangalifu katika kijitabu cha pembeni ilipanda hadi kwenye shina. Kilichomtofautisha Rotsler na Reynolds hakikuwa kipaji. Reynolds alikuwa mwandishi mkubwa zaidi. Rotsler alijali kuuliza mwanamke huyu anaitwa nani.

Hili linatuhusu sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili kuliko linavyowahusu Wamarekani. Neno letu lilipaa angani miaka mitano baada ya kupandisha bendera. Lilifika huko bila sisi, likawekwa mikononi mwa watu waliolifanyia kila mmoja alichoweza, wengine kwa heshima na wengine kwa uvivu. Neno likisafiri bila wenyewe, mwenyeji ndiye anayeamua lale wapi. Kudai mrabaha hakutasaidia. Kinachosaidia ni kuwa na hadithi zetu ambamo neno hilo liko kazini.

Na tunazo, ingawa chache. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alichapisha Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, amehukumiwa kifo na anarushwa angani ndani ya chombo ambacho hakuna aliyewahi kurudi nacho. Anatua katika nchi ya watu ambao jina lao ukilitamka taratibu linasema "wale ni sisi". Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi, na anaposimulia nchi isiyo na mabwana unajua hakuiokota kwenye jarida. Anaiuliza ile hoja ya Azimio la Arusha akiwa angani: uhuru ukishapatikana, tunaujaza nini?

Huku kwetu hadithi ya namna hiyo inasubiri mwandishi. Wachimbaji wanaosikiliza mwamba kabla ya kuupiga, ving'ora vya mgodi mkubwa vinavyotangaza baruti, vijiji vinavyotikisika mchana, wanafunzi wa sayansi wa Kahama na Geita wanaosoma jiolojia kwa Kiingereza kisha wanaielezea nyumbani kwa Kiswahili na Kisukuma: afisa wa mawasiliano angepata kazi ya kutosha hapa. Ningependa kumsoma akiwa kiongozi wa kisa, akipokea ishara kutoka chini ya ardhi na kuielewa kabla ya kapteni, akimwambia fundi wa mashine asimame kwa sababu kuna mayai. Aandikwe na mtu anayeujua ukungu wa vumbi la karasha saa kumi jioni. Na jina lake la kwanza tayari lipo kwenye kamusi.